Upande wa Mwangwi

Darasa la chekechea na duka la ushonaji la binti yangu vilikuwa vinatumia ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kama karatasi ya pipi. Ukikaa dukani ulisikia watoto wakitaja rangi. Ukikaa darasani ulisikia cherehani. Mimi nilikaa dukani, kwenye mkeka nyuma ya pazia la wateja, nikifumua mishono ya nguo zilizokosewa. Binti yangu anashona, mimi nafumua, na kati yetu nguo inapatikana. Kazi ya kufumua haitaki haraka. Unavuta uzi mmoja, unaimba kidogo, unavuta mwingine.

Mjukuu wangu alikuwa anasoma humo darasani. Mjomba wake alimbandika jina la Mwangwi, kwa sababu ukimuuliza jambo jibu linakuja, ila kwanza linazunguka mlimani. "Umekula, mama?" Kimya. Unakunja suruali, unaipanga juu ya nyingine, umeshasahau hata ulichouliza. "Nimekula, Bibi." Si kwamba alikuwa hasikii. Alikuwa anasikia mpaka mwisho, tofauti na sisi wengine tunaojibu mtu angali na maneno mdomoni.

Asubuhi moja mwalimu wao alichungulia dukani. Binti mdogo, sauti imekwaruzika kwa chaki na kelele.

"Shikamoo, Bibi. Ule wimbo unaouimba ukifumua, watoto wanausikia ukutani. Leo wameacha kuhesabu, wanakusikiliza wewe. Njoo basi uwafundishe."

"Marahaba, mwanangu. Ule ni wimbo wa kupura maharage."

"Maharage hatuna, Bibi. Mikono ipo."

Nikacheka, nikaenda.

Wimbo huo nilifundishwa na dada yangu mkubwa nilipokuwa sijafika hata kiunoni mwake. Maganda ya maharage yakishakauka, yanatandazwa juani, mnayapiga kwa fimbo mpaka yapasuke na punje zitoke. Wimbo unaibembeleza punje itoke yenyewe, isingoje kupigwa sana:

Toka ndani, toka,
nyumba imekauka, toka,
jua limefika mlangoni,
mdogo wangu, toka.

Watoto niliwakalisha chini, miguu imenyooka. Nikawaambia hatuna ngoma, na hatuitaki, maana kila mmoja wetu amekuja na ngoma zake. Mapaja ni ngoma kubwa. Viganja ni ngoma ndogo. Kifua ni ngoma ya ndani, hiyo inapigwa kwa adabu.

"Na tumbo, Bibi?" aliuliza msichana mmoja aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Wenzake walimwita Pengo, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa kwao.

"Tumbo ni ngoma ya njaa. Hiyo inajipiga yenyewe."

Wakacheka, wakapiga matumbo, ikawa fujo, tukaanza upya. Mpigo ulikuwa rahisi: paja, paja, kofi, halafu mikono inakaa hewani. Hapo penye mikono hewani ndipo penye kazi. Mkono wa mtoto haupendi kukaa bure. Kwa hiyo kila tukifika hapo niliwakumbusha kwa sauti ileile ya wimbo: "Paja, paja, kofi, hapa kimya. Paja, paja, kofi, hapa kimya." Wakanielewa, au ndivyo nilivyodhani.

Kesho yake niliwasikia kupitia ukuta. Waliimba vizuri, mpaka walipofika pale mikono inapokaa hewani, wote kwa pamoja wakapiga ukelele: "HAPA KIMYAAA!"

Nikashika fimbo yangu ya kutembelea nikazunguka hadi darasani. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Bibi, pa kunyamaza ndipo wanapopiga kelele kuliko pengine pote."

"Nyie watoto," nikasema, "hayo si maneno ya wimbo."

Pengo akasimama. "Mbona wewe unayaimba?"

"Siyaimbi, nayasema."

"Unayasema kwa kuimba."

Nikarudi dukani kwangu nikafumua kola ya mtu, huku wao upande wa pili wakipaza sauti kuamrisha kimya ambacho hakuna aliyekinyamazia.

Yote hayo yalikuwa mchezo. Jambo lenyewe lilikuja mwalimu aliposema kwamba siku ya kufunga shule wazazi wataalikwa, na watoto watasimama uani mstari mmoja, waimbe wimbo wa Bibi. Mwangwi alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kwa ncha za vidole. Usiku kucha, nadhani, alisimama mstarini ndotoni, maana asubuhi aliamka mabega yameinuka, mikono imebana mbavuni, kama walivyofundishwa.

Lakini mstarini palikuwa na shida. Wenzake wakipiga paja, paja, kofi, yeye anakuja nyuma yao. Wao wameshainua mikono hewani, hapo ndipo kofi lake linapoanguka, peke yake, zuri kabisa, mahali pasipotakiwa kitu. Pa! Vichwa vyote vinageuka.

"Mwangwi! Umetuharibia!"

Mwalimu hakuwa mtu wa kumwonea mtoto. Alijaribu kumpanga katikati, akajaribu pembeni, akamshika mikono na kupiga naye. Akimwachia tu, pa, kule kule. Mwisho akanijia, anazungusha kipande cha chaki vidoleni.

"Bibi, nimewaza ashike maua. Asimame mbele, mzuri, na maua yake. Asipige."

Mwangwi alikuwa nyuma ya pazia, amevaa miguuni mwake viatu vya mteja. Tuliendelea kuongea mambo mengine, mvua, paa linalovuja. Ndipo sauti yake ikatoka huko nyuma:

"Sitaki maua. Nataka kupiga mstarini."

Mama yake akasimamisha cherehani. Mwalimu alipoondoka, binti yangu alinigeukia, pini zimejaa mdomoni, akazitoa moja moja ili aweze kusema vizuri.

"Mama, siku hiyo namwacha nyumbani. Nitasema anaumwa."

"Kwani anaumwa?"

"Watu wazima watamcheka. Watoto wakimcheka anasahau, lakini baba za watu na mama za watu wakikaa kwenye viti wakamcheka mwanangu, mimi ndiye sitasahau."

"Mikono yake haina kasoro."

"Haina. Imechelewa tu, kama wewe na chai yako," akasema, akatabasamu bila kupenda, akarudi kwenye kazi yake. Lakini niliona mguu wake umekanyaga pedali kwa hasira, na mshono ukaenda upogo. Nikajua huo nitakuja kuufumua mimi.

Jioni ile nilimpakata Mwangwi mkekani. Nikamwuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za paka, "Mama, kwa nini unachelewa kupiga?"

Nikangoja. Nilikuwa nimezoea kungoja.

"Sichelewi. Nangoja wamalize."

"Uwangojee nini?"

Jibu likaenda mlimani, likazunguka, likarudi. "Wakipiga wote, langu silisikii."

Nilikishika kile kiganja, kidogo, kina joto, kimejaa vumbi la chaki, nikakiweka shavuni mwangu.

Siku zilikuwa zinakwisha. Mchana mmoja wa joto, hakuna mteja, hata nzi wamechoka, mwanga ulikuwa unaingia dukani kwa upenyo wa mlango na vumbi la vitambaa linaogelea ndani yake. Binti yangu alikuwa anashona pindo refu. Cherehani inakwenda, trrr, anaivuta nguo, inakwenda tena, trrr. Mwangwi ameegemea goti langu. Sketi ya mtu ilikuwa mapajani mwangu, na uzi niliokuwa nauvuta ukawa mrefu, ukaendelea kuwa mrefu, haukukatika, nikawa naufuata.

Ulinifikisha uani kwetu. Maganda yametandazwa, jua jeupe, miguu yangu mitupu imezama kwenye makapi. Mbele yangu amesimama dada yangu mkubwa, upande wa pili wa maganda, fimbo yake juu. Uso wake nilikuwa sijauona tangu tulipomzika akiwa msichana bado, na hapo ulikuwa mbele yangu, umelowa jasho, una kipande cha ganda kwenye nyusi. Tukaimba. Fimbo yangu ikashuka. Nikataka kuishusha tena, na dada akanikemea, kwa sauti ya wimbo, bila kukata wimbo:

"Hapa kimya, we mtoto! Hapa ni pangu!"

Na fimbo yake ikaanguka pale nilipozuiwa mimi. Halafu yangu. Halafu yake. Makapi yanaruka kati yetu kama dhahabu nyepesi, na punje zinatoka, zinakimbia huku na huku chini ya miguu yetu, na sikuwa na habari ya kifo wala ya uzee. Yangu, yake, yangu, yake.

Pa.

Nilifumbua macho. Cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, trrr, halafu kimya cha binti yangu kuvuta nguo, na ndani ya kile kimya Mwangwi alikuwa anapiga kofi gotini kwangu. Trrr, pa. Trrr, pa. Wala hakuwa anafikiri. Alikuwa anaangalia vumbi.

Nikakaa wima mpaka sketi ya watu ikaanguka.

"Simamisha hiyo mashine," nikamwambia binti yangu.

"Kuna nini, Mama? Umejichoma?"

"Ule wimbo ni wa watu wawili."

"Umeota."

"Nimeota, ndiyo, lakini nimeota kilichotokea. Kupura mnasimama wawili, mnatazamana, fimbo zinapokezana. Mkishusha pamoja zinagongana, mtavunjana vidole. Dada alikuwa ananiambia ninyamaze ili ashushe yake. Nilikuwa mdogo, nikayachukua maneno yake nikayaweka kwenye wimbo. Hapa kimya, hapa kimya. Umri wangu wote naimba maneno ya mtu aliyekuwa ananigombeza!"

Binti yangu akanitazama, kisha kicheko kikamtoka puani. "Kwa hiyo Pengo alikuwa sahihi."

"Pengo alikuwa sahihi zaidi yangu. Na mwanao hajawahi kuchelewa. Anapiga upande wa dada."

Hapo kicheko kikamwishia. Akachukua mkasi, akaurudisha mezani, akauchukua tena. Dada alipokufa, hakuna aliyesimama mbele yangu tena. Nilipura peke yangu, kisha sikupura tena, nikabaki kuimba tu, na pale pake pakabaki shimo. Nikawafundisha watoto shimo, na kuwaamuru walilinde. Mmoja tu ndiye aliyekataa.

Tulikwenda kwa mwalimu muda uleule. Akasikiliza, chaki imetulia mkononi. Hakubisha hata kidogo. Aliwapanga watoto mstarini, kisha akamchukua Mwangwi, akamsimamisha ng'ambo, awatazame.

Mikono ya mtoto ikaanguka kama nguo iliyokatika kamba.

"Amefanya kosa gani?" akauliza Pengo.

Hapo mwalimu akajigonga paji la uso. Katika darasa lile, mtoto aliyesimama mbele peke yake kuwatazama wenzake ni yule aliyeuma mtu au aliyemwaga uji. Tumemtafutia mtoto mahali pake, na mahali penyewe ndipo pa adhabu.

"Nilisema mstarini," akasema Mwangwi, na kilio kikaja.

Nikaweka fimbo yangu ukutani, nikavuka, nikasimama kando yake. "Basi huu nao ni mstari. Sisi wawili. Mmoja mrefu, mmoja mfupi."

Akanitazama, akapima, akapangusa pua. Tukaanza.

Loo, aibu niliyoipata! Mikono yangu ilikuwa inajua upande mmoja tu. Kila wale wa ng'ambo wakipiga kofi, na mimi nimeshapiga nao. Nikijizuia, nachelewa hata kuliko kuchelewa, napiga wakati wao wako kwenye paja. Watoto walianguka kwa kucheka. Pengo alikuwa amelala chini kabisa, anapiga sakafu.

"Bibi kaharibu! Bibi kaharibu!"

Mwangwi naye alikuwa anacheka, machozi hayajakauka. Akanishika viganja viwili, akaviweka hewani, akavizuia hapo kama mtu anayezuia kuku. "Bado," akaninong'oneza. "Bado... bado... sasa." Pa. "Usiwafuate, Bibi. Waache waishe. Wakiisha panakuwa na nafasi kubwa."

Nilisimama katika ile nafasi aliyokuwa akiijua yeye. Ni kweli, ilikuwa kubwa. Unaweka kofi lako humo na unalisikia lote, linavyoanza na linavyokwisha.

Siku zilizofuata Pengo alivuka kuja kwetu, akasema huku kunachekesha zaidi. Akashindwa, akarudi kwao, akavuka tena. Binti yangu alikuwa anasikia yote kupitia ukuta. Hakusema kama atamleta mtoto au hatamleta. Ila ile nguo ya kijani iliyokuwa imelala kabatini bila pindo, siku moja niliikuta ina pindo.

Siku yenyewe ua ulikuwa umefagiliwa, viti vimepangwa, wazazi wamekaa wakijipepea na chochote walichokuwa nacho. Jua lilikuwa limelainika nyuma ya mawingu mepesi, kila kitu kina rangi ya maziwa. Binti yangu alikataa kiti. Alisimama kwenye lango la ua, utepe wa kupimia nguo shingoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, tayari kumnyakua mwanawe na kuondoka kicheko cha kwanza kikitoka.

Watoto wakaja, mstari mmoja mrefu. Ng'ambo yao tukasimama mimi na Mwangwi katika kijani chake. Nikasikia mtu kwenye viti akiuliza, "Yule kasimamishwa kwa nini?" Mwangwi alisikia. Kidole chake kidogo kilikuja kikagusa changu, kikarudi.

Mwalimu akainua mkono.

Toka ndani, toka. Paja, paja, kofi, na hewani pakafunguka mahali, na mjukuu wangu akaweka hapo kofi lake, taratibu, kama anayeweka yai. Pa. Wale wakajibu. Pa. Hakuna aliyepiga kelele za hapa kimya, kwa sababu hapakuwa na kimya cha kutangaza. Sauti ikawa inavuka ua, inakwenda na kurudi, na wale waliokuwa wakijipepea wakaanza kupepea kwa mpigo bila kujijua. Nikaona vumbi likiinuka kidogo miguuni mwa watoto. Nikaona midomo inakwenda na sikusikia tena ni ya nani. Nilikuwa uani hapo na nilikuwa uani kwetu, na sikujisumbua kuchagua.

Beti zikaisha. Mwalimu akashusha mkono, ishara ya kumaliza. Mstari ukapiga kofi la mwisho, ukanyamaza. Lakini kofi la mwisho kwao si la mwisho kwetu. Mwangwi akaweka la kwake, pa, kama inavyostahili. Na mstari uliposikia pa, ukafanya kama ulivyozoeshwa: ukaanza tena.

Mwalimu akashusha mkono mara nyingine, kwa nguvu. Wakanyamaza. Pa. Wakaanza tena.

Watu wakaanza kucheka. Nilitazama langoni, nikaona uso wa binti yangu umebana, mguu wa nje umerudi ndani. Hatukuwa tumewafundisha kumaliza. Maharage yanajimaliza yenyewe, unapiga mpaka maganda yawe matupu. Hapa nani atawaambia kwamba yamekuwa matupu?

Mwangwi alinitazama. Ndipo nikamwona anaelewa. Alitazama ule mstari wote, Pengo na wenzake, macho yao yako kwenye viganja vyake. Hakuna ambaye angeweza kuumaliza wimbo ule ila yeye.

Mstari ukapiga: paja, paja, kofi. Mwangwi akainua mikono, na hakuishusha. Akaiacha juu, vidole vimeachana, mwanga wa maziwa unapita kati yake. Hata kicheko kilisimama. Akaanza kuishusha polepole, polepole, kuilaza kwenye nguo yake bila sauti.

Pa!

Lilitoka langoni. Kofi moja, la mtu mzima, mahali penyewe hasa. Na mstari ukalipokea ukaanza tena kwa furaha, toka ndani, toka.

"Mama!" Mwangwi akapiga kelele. "Nilikuwa namaliza!"

Viti vyote vikaangua kicheko, na vichwa vyote vikageukia lango, kumtazama fundi cherehani aliyesimama na viganja vyake bado vimeshikana mbele ya kifua, hajui vimefikaje hapo. Akaziba mdomo. Kisha akautoa ule utepe shingoni, akauning'iniza langoni, akavuka ua mbele za watu wote, akaja kusimama upande wetu.